Bunduki ya kuoshea boti majini: nunua bunduki, pampu waachie wenyewe

Seti yenyewe ni hii: injini ya petroli ya farasi 9, pampu ya pistoni tatu ya lita 15 kwa dakika na presha ya bar 200, mpira wa presha wa mita 30, mpira wa kunyonyea wa mita 3 wenye chujio, na bunduki ndefu ya stenlesi yenye midomo miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Jina la kiwanda halimo. Kwenye boksi kuna namba tu, na picha ya mzamiaji anayetabasamu kuliko alivyowahi kutabasamu mtu yeyote aliye chini ya boti pale Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya bahari. Hilo la bahari lishike, litarudi.

Inauzwa kama mashine ya kuosha tumbo la boti bila kuipandisha chelezoni, na nyavu za vizimba vya sato bila kuzitoa majini. Hukumu tuitangulize: bunduki ni nzuri kweli. Pampu na mipira iliyofungashwa nayo ni ya kukugombanisha na fundi wako. Bei hatuitaji, inapanda na kushuka na dola kila mzigo unapoingia. Jua tu kwamba muuzaji akikubali kuitenga bunduki na kukuuzia peke yake, umeshaokoa sehemu kubwa ya fedha.

Kinachong'oa uchafu

Ukichukua mashine ya presha ya kuoshea magari ukazamisha mdomo wake majini, nguvu inakufia ndani ya sentimita chache, maana maji yaliyotulia yanaushika ule mkondo na kuupunguza mwendo. Bunduki hii haitegemei kugonga kwa maji. Inatoa maji kwenye tundu la milimita 1 kwa mwendo wa karibu mita 200 kwa sekunde. Pembezoni mwa mkondo huo, pale maji ya kasi yanapokwaruzana na yaliyotulia, vinajikunja vimbunga vidogo, na katikati ya kila kimbunga presha inashuka hadi maji yanachemka bila moto. Kwa maji ya nyuzi 25, ambayo ndiyo hali ya ziwa letu sehemu kubwa ya mwaka, kuchemka huko hutokea presha ikifika kilopaskali 3.2 hivi (kilopaskali 100 ni bar moja). Vinazaliwa viputo vya mvuke, vinabebwa mbele, vinafika penye presha ya kawaida na kubonyea ghafla.

Kiputo kinachobonyea karibu na ukuta hakibonyei sawasawa pande zote. Upande ulio mbali na ukuta huingia ndani kwanza, hukitoboa kiputo chenyewe na kuupiga ukuta kama sindano ya maji, na wimbi la mshtuko juu yake. Kimoja hakina madhara. Vikija kwa maelfu kila sekunde, utelezi na mwani vinaachia. Wahandisi huita jambo hili kavitesheni, na waliolionja kwanza kwa hasara ni wenye meli. Mhandisi Charles Parsons alipoishusha meli yake Turbinia majini huko Uingereza mwaka 1894, propela ilikuwa inazungukia mvuke badala ya maji na mwendo ukagoma. Ilimbidi aweke shafti 3, kila moja na propela 3, ndipo meli ikakimbia. Ugonjwa uliomsumbua Parsons ndio leo tunaununua ndani ya boksi.

Ndiyo maana onyesho la dukani la kupiga tofali lenye tope hewani halikuambii lolote. Mkondo ukitokea hewani hauna maji ya kuuzunguka, kwa hiyo lile wingu la viputo halipo. Unachokiona pale ni mashine ya kuoshea magari yenye bei kubwa.

Jaribio la pipa, kabla hujatoa hela

Dai pipa la lita 200 lililokatwa juu, lijazwe maji. Njoo na kitako cha sufuria kuukuu ya alumini, umekisugua kwa msasa wa maji namba 400 kisha 1000 hadi kinaonyesha uso wako. Kizamishe, shikilia mdomo wa bunduki wima juu yake sentimita 2, uhesabu sekunde 60. Hamia mahali pengine pa kitako kwa sentimita 4, kisha 6, kisha 8. Umbali upime kwa kijiti ulichokikata kabla. Macho yanadanganya ndani ya maji, kitu huonekana karibu kuliko kilipo.

Kitoe, ukikaushe, ukiinamishe kwenye jua. Pale bunduki ilipofanya kazi utaona pete, siyo doa. Katikati, maji yanapogonga na kugeuka, uso unabaki na mng'ao wake. Kuizunguka kuna mduara wenye ukungu wa kijivu, na ukiusogelea kwa kioo cha kukuzia ni vishimo vidogo vingi vilivyopangana kama ngozi ya chungwa. Pete hiyo ndiyo sahihi ya kavitesheni. Ukipata shimo moja katikati bila pete, umesogea mno, kilichopiga ni maji tu. Ukipata vidoti vimetawanyika, umekaa mbali. Kwa bunduki hii, pete nzito ilikuwa kati ya sentimita 3 na 6, na kwa mdomo wa milimita 1 hiyo ni tabia nzuri. Kijitabu kinasema sentimita 10. Usikifuate.

Kuna jambo kwenye kile kitako ambalo wengi hulisoma vibaya. Mwanzoni chuma huonekana kimevumilia: kinabonyezwa vishimo, lakini ukikiweka kwenye mizani hakijapoteza kitu. Baadaye uso uliochoka unaanza kumeguka vipande, na kasi ya kuliwa inapanda. Kwa hiyo mtu akikuambia "nilishikilia hapo dakika nzima na hapajaliwa", amekuelezea kipindi cha mwanzo tu. Dakika ya tano haifanani na ya kwanza.

Sauti ndiyo geji

Geji iliyokuja na seti hii inacheza kama mkia wa mbwa, na glisirini yake ilikuwa imevuja kabla ya boksi kufunguliwa. Haina shida sana, kwa sababu mashine inayofanya kazi kwa viputo inajieleza yenyewe kwa sikio. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse chuma, kichwa cha mpini ukikandamize kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kwa upande wa bunduki, gusa ukingo wa pipa. Kuna milio minne ya kuitambua.

Bunduki ikiwa sawa, inalia kama dagaa wabichi wanapotiwa kwenye mafuta ya moto: mlio mkavu, mkali, unaopasuka mfululizo bila kupanda wala kushuka. Sogeza mdomo taratibu kuelekea chuma na mlio unazidi ukali, halafu ukikaribia mno unafifia ukageuka mvumo. Pale ulipokuwa mkali ndipo pa kufanyia kazi, au jirani sana. Mzamiaji mzoefu anautafuta umbali kwa sikio, rula haimhusu.

Mlio ukiwa mzito na mfu, kama mtu anayesukutua maji mdomoni, kuna hewa imeingia kwenye maji. Hewa ni godoro. Kiputo chenye mvuke mtupu kinabonyea kwa kishindo, chenye hewa ndani kinasinyaa polepole na hakipigi kitu. Wajenzi wa mabwawa makubwa huingiza hewa kwa makusudi kwenye mifereji ya kumwagia maji ili zege lisiliwe. Nawe klipu yako ya mpira wa kunyonyea ikilegea unafanya vilevile, isipokuwa unachokilinda ni uchafu. Dawa yake ni klipu mbili kwa kila kiungo, zikitazamana vichwa, na grisi kidogo kwenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) ya kofia ya chujio. Kutafuta panapovuja, mwagia maji ya sabuni kiungo kimoja kimoja mashine ikinguruma. Sabuni ikifyonzwa ndani, ni hapo.

Mluzi, na bunduki inakuvuta upande mmoja: kuna uchafu kwenye tundu au ukingo wa tundu umemeguka. Zima kabla hujachunguza.

Wa nne ni ule wa changarawe kwenye debe, na unatoka kwenye pampu, siyo kwenye bunduki. Huu ndio unaoua seti hizi Mwanza. Ni kavitesheni ileile, imekaa mahali pabaya: pampu inahitaji maji kuliko yanayoifikia, presha mlangoni mwake inashuka, viputo vinazaliwa mbele ya valvu na kubonyea ndani ya kichwa cha pampu. Kichwa cha pampu hii ni cha alumini. Kukifungua baada ya kufanya kazi hivyo, ukuta ulio nyuma ya valvu za kuingizia unakuta umekuwa kama mfupa uliokaa juani, umejaa vitundu vyenye kingo kali, na valvu zenyewe haziketi tena sawasawa kwenye viti vyake. Hapo presha haifiki 200 tena, na mwenye mashine anakwenda kununua bunduki nyingine akidhani ndiyo imechoka.

Ziwa liko juu, kijitabu hakijui

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza maji hapa ina presha ya kilopaskali 88 hivi; Dar es Salaam ni 101. Pampu haivuti maji, ni hewa inayoyasukuma yaingie ndani yake. Tofauti hiyo ya kilopaskali 13 ni sawa na kunyang'anywa mita 1.3 za kunyonyea kabla hujaiwasha. Kwa hesabu ya kitabuni, pampu kamilifu ikiwa Dar ingepandisha maji kama mita 10, Mwanza, 8.7. Na pampu hii iko mbali sana na ukamilifu. Imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini, inazunguka mara 3,400 kwa dakika, valvu zake hazipati nafasi ya kufunguka vizuri. Pampu za namna hii zimetengenezwa kupokea maji ya bomba yenye presha yake, siyo kunyonya ziwani.

Ongeza sasa vilivyomo kwenye boksi. Mpira wa kunyonyea ni wa nusu inchi. Lita 15 kwa dakika zikipita humo kwa mita 3, msuguano peke yake unakula karibu mita moja nyingine. Ukiuweka wa inchi moja, hasara haifiki sentimita 10. Gati au sitaha ikiwa mita 2 juu ya maji, hizo nazo toa. Halafu chujio: lina uso mdogo kama kifuniko cha chupa ya maji, na kwenye ghuba yenye mwani na mabaki ya gugu maji linaziba kabla kazi haijapamba moto. Changarawe zinaanza kulia.

Kinachofaa ni kutoiacha pampu inyonye kabisa. Weka pampu ndogo ya kuzamisha, inayotoa lita 25 hadi 30 kwa dakika, ndani ya ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu na kuviringishiwa kipande cha wavu wa dagaa. Ipandishe maji hadi kwenye pipa lililo juu ya meza, usawa wa maji uwe angalau mita moja juu ya mlango wa pampu ya presha. Kutoka pipa hadi pampu tumia mpira wa inchi moja, mfupi, usio na kona kali. Maji yanayozidi yaache yamwagike yarudi ziwani. Pipa lina faida ya pili: hewa inapata nafasi ya kupanda juu na mchanga nafasi ya kushuka chini, kwa hiyo toa maji sentimita 15 juu ya kitako, usitoboe chini kabisa.

Anayenunua pampu upya atafute inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, yenye kichwa cha shaba, na gia kati yake na injini. Ni nzito na haipendezi kubeba. Inadumu.

Injini nayo inaonja mwinuko. Injini ya petroli isiyo na taabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo farasi 9 za kwenye boksi hapa ni 8 hivi, karibu kilowati 5.9. Kusukuma lita 15 kwa dakika kwa bar 200 kunataka kilowati 5 kwenye maji yenyewe, na ukihesabu upotevu wa ndani ya pampu unafika palepale 5.9. Maana yake injini inafanya kazi kooni muda wote, haina akiba. Kichujio cha hewa kikichafuka kidogo tu, inakohoa. Farasi 11 au 13 ndiyo saizi ya huku. Au teremsha presha hadi bar 170 na uridhike. Kwa utelezi wa kijani inatosha.

Mwinuko huohuo, kwa upande wa bunduki, unasaidia kidogo. Hewa ikikandamiza kwa uchache, viputo vinazaliwa kirahisi na wingu linarefuka. Ila ukizama, maji yanakandamiza: kwenye kitako cha kizimba cha mita 6, presha inayobana viputo imeongezeka kama asilimia 60 ukilinganisha na nusu mita chini ya uso. Wingu linakuwa fupi, kila kiputo kinabonyea kwa nguvu zaidi. Sogeza mdomo karibu kadiri unavyoshuka, na hapa tena sikio linakuongoza.

Mpira mrefu unaokula presha

Mpira wa presha wa mita 30 uliomo una tundu la milimita 6. Lita 15 zikipita humo unapoteza takriban bar 40. Geji ya pampu inasoma 200, bunduki inapata 160. Wa milimita 8, urefu uleule, unapoteza bar 10 tu. Hiki ni kitu cha kubadilisha siku ya kwanza, na maduka ya mipira ya haidroliki mjini yanaukata na kuubana vichwa ukisubiri. Hakikisha maandishi ya ubavuni yanaonyesha presha ya kufanyia kazi inayozidi 200 kwa mbali, maana kuna mipira inayoandikwa presha ya kupasukia kwa herufi kubwa ili ikuchanganye.

Midomo ya shaba iliyokuja nayo inaliwa na mchanga wa ziwa. Hesabu yake ni kali kuliko watu wanavyofikiri: tundu likitoka milimita 1.0 hadi 1.1 kwenye midomo yote miwili, eneo linaongezeka asilimia 21, na kwa pampu inayotoa lita zilezile presha inaanguka kutoka bar 200 hadi 137 hivi. Hakuna jicho linaloiona sehemu moja ya kumi ya milimita. Nunua biti mbili za drili, ya 1.0 na ya 1.1, utumie mikia yake kama vipimo: wa kwanza uingie kwa kubana, wa pili ukatae. Siku wa pili ukiingia, badilisha midomo. Chagua ya stenlesi iliyokazwa au kabaidi. Ukingo wa tundu uwe mkali. Usiupige tupa "kuulainisha", ukali huo ndio unaovianzisha vimbunga.

Mdomo wa nyuma watu hawauelewi, wanauona kama maji yanayopotea. Kazi yake ni kusawazisha msukumo. Kuna mafundi wanaouziba na kupanua wa mbele hadi milimita 1.4 ili maji yote yaende kazini. Msukumo unakuwa kama nyutoni 50, sawa na kilo 5 zinazokusukuma bila kupumzika, na mtu anayeelea hana pa kukanyaga. Uache ulivyo, na hakikisha bomba la kinga linaloufunika lipo kabla ya kila kazi, kwa sababu mkondo wa nyuma unauma sawa na wa mbele.

Kwenye nini itumike, kwenye nini isitumike

Chuma chenye rangi nzima, kama matumbo ya vivuko na boti za mizigo: hapa ndipo penyewe. Pitisha kwa mwendo wa mkono unaopaka chokaa ukuta, sentimita 5, usisimame. Rangi iliyoshika vizuri inabaki, iliyovimba inang'oka, nayo ilikuwa ing'oke tu. Picha ya boksini inaonyesha makombe magumu ya baharini yaking'olewa. Ziwani hatuna hayo. Tuna utelezi, mwani, konokono na sponji za maji baridi, vyote vyepesi, kwa hiyo huna sababu ya kukimbilia presha ya juu.

Fiba: ndiyo, lakini anza sentimita 8. Chini ya rangi ya juu ya fiba huwa na vijipovu vya hewa vilivyobaki kiwandani, na viputo vikivipata vinavifungua, maji yanaingia. Ukiona vidoti kama chunusi vilivyochanika, ongeza umbali.

Mitumbwi ya mbao: hapana. Pamba ya kalafati, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, inatoka kwenye maungio kama uzi kwenye sindano, na utaijua hasara mtumbwi ukiwa katikati ya ziwa. Brashi ngumu na maji vinatosha.

Propela za alumini za injini za boti zisafishwe kwa sentimita 8 na kwa kupitisha tu. Alumini laini ndiyo inayoliwa haraka kuliko metali zote utakazokutana nazo hapa; shaba inafuata, stenlesi inavumilia, na bronzi yenye nikeli na alumini inavumilia zaidi. Ukiikuta propela tayari ina vishimo karibu na ncha za mabawa, usiilaumu bunduki. Hiyo imejila yenyewe, kwa kuzungushwa kasi ikiwa karibu mno na uso wa maji au ikiwa imepinda.

Nyavu za vizimba: hapa kazi ni nzuri kuliko kutoa wavu na kuuanika, ila kwa nailoni kaa sentimita 10 au zaidi na usilenge fundo. Osha nusu ya kizimba kwa siku. Uchafu unaong'oka unatia giza maji na kula oksijeni, na alfajiri ndipo oksijeni iko chini kabisa, kwa hiyo subiri jua lipande. Sato wanausikia ule mlio na hujibana upande wa pili. Usiwalishe hadi umalize.

Masikio na ngozi

Juu ya gati, kinachoharibu masikio ni injini. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja. Anayekaa karibu na injini avae vifuniko vya masikio. Majini sauti inakimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, inafika masikio yote mawili kwa pamoja, na mzamiaji hajui inatoka wapi. Asivae viziba vya sikioni, kamwe. Presha ya maji itavisukuma ndani na kupasua ngoma. Kofia ya mpira wa kuzamia inapunguza ukali, na mapumziko yanapunguza zaidi.

Mkondo ukigusa ngozi kwa karibu, kidonda kinaweza kuonekana kama tundu la sindano huku ndani maji na uchafu vimesambaa. Hilo si la kufunga plasta. Ni hospitali saa hiyohiyo, Bugando au Sekou Toure, na useme wazi kwamba ni maji ya presha kubwa. Triga iwe ya kujifunga yenyewe ukiachia. Ya seti hii inajifunga, na chemchemi yake ni nzuri. Moshi wa injini uelekezwe mbali na kompresa ya hewa ya mzamiaji. Pembeni penye majani na konokono kuna kichocho, kwa hiyo vuta boti hadi maji ya wazi kabla ya kuanza.

Cha kuchukua dukani

Bunduki yenye midomo yake na bomba la kinga, jozi mbili za ziada za midomo ya stenlesi iliyokazwa, na pakiti ya oringi. Oringi zake ni saizi za kawaida zinazopatikana kwa wauza vifaa vya haidroliki, jambo ambalo mtengenezaji anastahili kusifiwa. Kama tayari una mashine ya presha ya lita 15 yenye pampu ya mwendo mdogo, bunduki inafunga bila adapta ukibadilisha kiungo kimoja cha robo tatu. Muuzaji aking'ang'ania seti nzima, mwambie awashe hiyo pampu juu ya gati, mpira wake wa nusu inchi ukiwa ziwani, na umwombe bisibisi.